Hedimasta Asiyeingia Darasani Mwetu

Juzi jioni mjukuu wangu aliwasha dawa ya mbu, ile iliyojikunja kama konokono, akaiweka karibu na kiti changu. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea mjini. Moshi wake uliponifikia puani nilikaa wima kama mtu aliyeitwa jina.

"Nyanya, inakusumbua?" akauliza.

Nikamwambia hapana, iache iwake. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa ninanusa darasa la tano?

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu, kati ya Manga na Birongo, mtanielewa haraka. Pareto, ile inayotiwa kwenye dawa hiyo ya mbu, tuliichuma kwa vidole vyetu, vikapu kiunoni, kabla chai haijatambaa kila kilima. Ua lake jeupe ni zuri shambani, lakini likianikwa na kukauka linatoa harufu kali inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Mimi darasa langu la tano nililisomea ndani ya harufu hiyo. Nimeona niandike habari zake, ingawa si msomi, niliishia la saba, na kila nikishika kalamu ninajiuliza kama ninakumbuka yaliyotokea au ninakumbuka nilivyozoea kuyasimulia. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Zamani hizo shule zilikuwa mbili. Upande wetu wa mto ilikuwepo shule ndogo, darasa la kwanza hadi la nne, kuta za udongo na paa la nyasi. Ng'ambo, juu kilimani, ilikuwepo shule ya kati, la tano hadi la nane, yenye mabati yaliyong'aa mchana mpaka ng'ombe wetu wakageuza macho. Ili uvuke mto kwenda kule ilibidi ushinde mtihani wa darasa la nne, na mtihani ule ulikuwa chekeche lenye matundu madogo sana. Wasichana wengi walibaki juu ya chekeche. Dada zangu wakubwa walibaki, wakashika jembe, wakaolewa.

Mwalimu wetu wa la nne alikuwa mwanamke, Mwalimu Truphena. Alikuwa mwembamba, sweta la kijani mvua na jua, na sauti yake haikupanda hata akikasirika. Ilishuka. Ikishuka, sisi tulitafuta pa kutazama. Walimu wengine waliuliza, "Nani anajua?" na wajanja wakanyoosha mikono, wajinga tukapumzika. Yeye aliuliza, "Nani hajaelewa?" Ukinyoosha mkono unaitwa mbele, na darasa zima linapewa kazi ya kukuelewesha, mmoja mmoja, mpaka wewe mwenyewe uweze kusimama na kumweleza mwenzako bila kukwama. Hapo ndipo ungekaa. Ilifika mahali watoto wakawa wanagombania kutoelewa.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na kucha, na masikio yetu yalizijua. Na aliyesahau kuleta kuni za jikoni alirudishwa nyumbani akazilete hata kama mvua inamwagika. Nadhani hilo halikuwa haki kila mara. Wengine walikotoka kuni zilikuwa shida.

Aliishi katika chumba kidogo nyuma ya shule. Tulijua ana mume anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa sababu mara moja moja alikuja mwanamume mwenye kofia na kikapu, na siku hiyo Mwalimu alicheka bila sababu. Zaidi ya hapo hatukujua lolote, na wala hatukuuliza. Kwamba Mwalimu naye alikuwa na boma alikoolewa, kwamba ana wakwe na mashemeji kama mama zetu, hilo halikutuingia akilini. Mwalimu alikuwa mali ya shule, kama kengele.

Kisha ikaja habari kwamba darasa la nane limefutwa. Baba alikuwa kwenye kamati ya shule, na jioni moja alirudi kutoka mkutanoni akamweleza mama akiwa bado hajavua koti.

"Wamefuta la nane. Sasa ni la kwanza mpaka la saba, shule moja, huku na ng'ambo. Na ule mtihani wa la nne hakuna tena."

"Hakuna?" mama akasema. "Wote wanavuka?"

"Wote."

"Na walimu?"

"Wanagawanywa upya. Wa juu wengine wanashuka, wa chini wengine wanapanda. Kule ofisini wamewachanganya kama maharagwe."

Mama akaninyooshea mwiko. "Na huyu?"

Baba alinitazama. Hakuwa mtu mkali, nataka hilo lieleweke. Lakini kule ng'ambo walikuwepo wavulana wenye ndevu, na walimu wote walikuwa wanaume, na kijijini palikuwa na hadithi ya msichana mmoja ambayo watu wazima waliikatisha sisi tukiingia. "Truphena amepewa la tano," akasema. "Kwa majaribio. Akiwa ni yeye, huyu atakwenda. Akiondolewa, basi, jembe liko. Sitamtuma binti yangu kule peke yake."

Ndivyo masomo yangu yalivyofungwa kwenye sweta la Mwalimu Truphena. Na majaribio yenyewe yalikuwa hivi, kama baba alivyoeleza: cheti chake kilikuwa cha chini, cha kufundishia watoto wadogo. Afisa wa elimu alikuwa amesema ajaribiwe mwaka mmoja. Hedimasta amwangalie akifundisha, kisha aseme neno lake. Neno likiwa zuri, abaki. Likiwa baya, apelekwe shule mpya kule Borabu, kwenye mashamba waliyohama wazungu, akaanze tena na watoto wa la kwanza.

Mgawanyo ule wa walimu ulitustaajabisha sisi watoto. Mwalimu Zablon, aliyekuwa akifundisha la nane kwa Kiingereza kitupu akiwa na tai shingoni, alipewa darasa la kwanza. Sisi tulijua njia moja tu ya mtu mkubwa kurudi darasa la kwanza.

"Amerudia," rafiki yangu Bosibori aliniambia. "Ameanguka mtihani wa walimu."

"Ameanguka nini?" nikauliza.

"Hesabu."

"Hesabu anajua," akasema Makori, mvulana wa jirani aliyependa kujua kila kitu. "Ameanguka kuimba. La kwanza wanaimba sana, nyinyi hamsikii? Amepelekwa akajifunze."

Tukamhurumia. Na kwa kweli siku zile za kwanza alisimama mbele ya watoto wale kama mtu aliyepewa nyuki awachunge. Lakini baadaye nilimwona kwa macho yangu akivuka matope ya getini na mtoto mgongoni, tai imesukumwa nyuma isichafuke, na mtoto akimfundisha wimbo.

Sisi wa la tano tulipofika ng'ambo tulikuta chumba kizuri, karibu na ofisi ya hedimasta, ukuta mmoja ukivitenganisha. Tulikaa humo asubuhi moja tu. Siku iliyofuata tuliambiwa tubebe madawati yetu. Tulipelekwa mwisho wa uwanja, nje ya ua wa shule, kwenye stoo ya zamani ambapo wakulima walikuwa wakianika pareto kabla hawajajenga kubwa zaidi. Mabati juu, mbao pande zote, dirisha moja lisilo na kioo. Vichanja vya kuanikia vilikuwa bado vimeegemea ukutani na harufu ilikuwa imelala mle kama mwenye nyumba.

Siku za kwanza vichwa viliuma. Baadaye tukazoea, na tukagundua neema moja: darasa letu peke yake halikuwa na kiroboto hata mmoja. Madarasa mengine walijikuna, sisi tulitulia. Wakatuonea wivu kwa njia ya watoto.

"Mbu wamekufa, hao wanakuja!" waliimba tukipita. "Dawa ya viroboto! Dawa ya viroboto!"

"Na nyinyi ndio viroboto!" Makori akawajibu, na tukakimbia.

Lakini ndani yangu niliumia. Niliamini tumetupwa stoo kwa sababu tulitoka shule ya nyasi, na aliyetutupa nilimjua. Alikuwa hedimasta, Mwalimu Yeremia.

Huyu alikuwa mzee mrefu, mvi pembeni mwa kichwa, kofia ya jua ambayo hakuiacha hata siku za mawingu. Shule ile ya juu alikuwa ameijenga yeye, watu walisema, kwa kuwashika wazazi mashati mmoja baada ya mwingine. Kila siku aliingia madarasa yote. Alisimama nyuma, akasikiliza, akachukua daftari la mtoto, akalirudisha, akatoka. La sita aliingia. La kwanza la Zablon aliingia mpaka wakamzoea wakawa wanamshika suruali. Letu hakuingia hata siku moja.

Si hilo tu. Walipokutana njiani yeye na Mwalimu Truphena, hedimasta aliacha njia kabisa, akaingia kwenye majani ya ng'ombe yenye umande, akatazama chini. Mwalimu naye aligeuka upande, akavuta kitambaa chake cha kichwa, akasimama hadi mzee apite. Asubuhi kwenye gwaride hedimasta alisimama mwisho huu, yeye mwisho ule. Akiwa na jambo la kumwambia, alimwambia Zablon, Zablon akaja kulisema.

Tulilijadili jambo hili chini ya vichanja wakati wa mapumziko.

"Anamwogopa," Makori akasema. "Nilimwona akiruka mtaro."

"Mzee yule amwogope mwanamke?" Bosibori akamcheka. "Anamchukia. Hataki wanawake walimu."

"Ni harufu," akasema mwingine. "Hata mimi mama ananiambia nisimkaribie."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hesabu yangu. Kama hedimasta anamchukia Mwalimu, atasema neno baya. Akisema neno baya, Mwalimu ataenda Borabu. Naye akienda, jembe liko. Nilimtazama mzee yule kama unavyotazama mawingu wakati umeanika nafaka.

Siku ya kumwangalia ilitangazwa. Mwalimu hakutuambia tuvae vizuri wala tukariri chochote. Alikuja na sweta lake lile lile. Lakini alifuta ubao mara nyingi kuliko ulivyohitaji, na nikaona mkono wake una chaki mpaka kwenye kiwiko. Somo lilikuwa sehemu, yaani nusu, robo, theluthi, jinsi ya kuzijumlisha.

Tukamwona hedimasta akija kutoka ofisini kwake. Alikuwa amebeba kiti mwenyewe. Tukasimama tumsalimu. Hakuja mlangoni. Alizunguka ukuta, akaweka kiti nje, chini ya dirisha, akakaa. Alikaa ametugeuzia mgongo. Tuliona kofia yake na mabega yake tu, mbele yake kukiwa na uwanja mtupu na vilima.

Mtu amekuja kumpima mwalimu wangu na hataki hata kumtazama! Nilimtazama Mwalimu nione kama atalia. Hakulia. Alivuta pumzi, akageukia ubao, akaanza kufundisha kama kawaida yake, ila alisogea karibu kidogo na dirisha na akasema kila neno kamili, kama mtu anayemvusha kipofu.

"Nani hajaelewa?" akauliza, na mikono ikaruka.

Mlio ule wa mbali mnaujua, watu wa Kisii, mchana ukishapita. Mvua yetu haichelewi. Siku ile ilikuja na mawe. Kwanza moja, pa!, juu ya bati. Kisha mawili. Kisha mbingu yote ikamwagwa juu ya stoo. Aliyewahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe ikinyesha hana haja ya kuelezwa. Mdomo wa Mwalimu ulifunguka na kufungika, hakuna kilichotufikia. Sisi wenyewe tulio mbele yake hatukusikia, sembuse mtu aliye nje ya ukuta.

Yule mzee hakuondoka. Alivuta kiti kikagusa ukuta, ncha ya paa ikamkinga kidogo, mawe yakadunda mbele ya viatu vyake. Mlango ulikuwa hatua chache kutoka alipokaa. Darasa zima tuliutazama mlango, tukamtazama Mwalimu, tukasubiri amwite. Hakumwita. Wala yeye hakuinuka. Nilifikiri, sasa yamekwisha. Hasikii kitu. Atasema hakusikia kitu, na atakuwa hajadanganya.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Aliweka chaki. Akamshika Makori mabega, akampeleka dirishani, akamwonyesha kwa kidole ubao, kisha kinywa cha Makori mwenyewe, kisha sikio la hedimasta. Makori akaduwaa. Mwalimu akarudia kumwonyesha. Ndipo Makori akaelewa. Akajinyoosha juu ya kizingiti cha dirisha, akaweka midomo yake karibu kabisa na sikio la mzee, akaanza kumweleza jinsi nusu inavyojumlishwa na robo.

Hedimasta alishtuka kama aliyeguswa na maji. Kisha akavua kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila kofia. Akainamisha kichwa upande wa dirisha, hakugeuka, akasikiliza. Makori alipomaliza, tuliona kichwa chenye mvi kikitikisika: ndiyo.

Tukapanga mstari. Mmoja mmoja, darasa zima, tulikwenda pale dirishani tukamwambia mzee sikioni mwake yale tuliyofundishwa. Bosibori alikwama katikati, akarudi ubaoni akatazama, akaenda tena. Hakuna aliyesukumana. Vipande vya barafu viliingia dirishani vikayeyuka miguuni petu, na mzee alitikisa kichwa, akatikisa, mpaka kola yake yote ikalowa.

Mimi nilikuwa wa mwisho, au karibu na mwisho, sitaki kujipa nafasi nisiyokuwa nayo. Ninachokumbuka ni kwamba nilipoanza kusema theluthi, mawe yalikuwa yamepungua kuwa mvua, na nilipomaliza mvua nayo ilikuwa imechoka. Kulikuwa na utulivu ule wa majani yanayodondosha maji. Sauti yangu ya mwisho ilisikika stoo nzima.

Hedimasta akakohoa. Akasema, bado ametazama vilima, "Mtoto."

"Naam, mwalimu."

"Mwambie aliyekufundisha kwamba nimesikia. Mwambie mimi nimefundisha tangu kabla ya hayo mabati kuja, na sijawahi kusikia darasa likifundishwa mpaka mtoto wa mwisho. Mwambie hivyo."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja nyuma yangu, mkono kinywani. Sikuelewa mchezo huu wa watu wazima. Nikasema, na Mungu ni shahidi sikuwa na ujeuri, "Lakini Mwalimu yuko hapa. Si umwambie mwenyewe?"

Nilisikia tone likianguka kwenye kichanja. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikaogopa kuwa nimemliza, kumbe anacheka.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza. "Kwenu hakuna ensoni? Mama yako humpikia babu yako chakula akakaa naye meza moja?"

Ilikuwepo, ile haya ya mkwe na mkwe. Nyumbani kwetu mama hakuwahi kuingia nyumba ya babu, baba mkwe wake, wala babu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mama. Babu akija njiani alikohoa toka mbali ili mama apate nafasi ya kupisha. Hawakushikana mkono, hawakutazamana usoni. Alipotaka chumvi alimwambia mtoto, "Mwambie mama yako," hata kama mama yuko hapo nyuma ya ua akisikia kila neno. Niliyaona hayo kila siku tangu niote meno, na kamwe sikufikiri kwamba babu anamchukia mama. Ile ni heshima, ni nzito kuliko upendo wa kuonyeshana. Lakini nilidhani ensoni inabaki nyumbani, pamoja na mbuzi na mafiga. Sikujua kwamba inaweza kuvuka mto, ikavaa kofia ya jua, ikaja shuleni.

"Huyu ni mke wa mwanangu, mama," mzee aliniambia, kwa sauti ya upole. "Nyumba ya mke wa mwanangu siingii. Na darasa la mwalimu ni nyumba yake."

Kwa hiyo hakuwa ametutupa stoo. Wao wawili, bila kusemezana, walikuwa wametafuta mapaa mawili, maana chumba kile cha kwanza na ofisi yake vilikuwa chini ya moja. Jioni ile nilimwuliza mama, "Mlijua?" Akasema, "Nani hakujua? Watu wote wanajua." Hakuna aliyefikiri kuwa mtoto anahitaji kuambiwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo.

Afisa wa elimu alikuja mwisho wa mwaka, mbele ya kamati. Haya niliyapata kwa baba, basi yapokeeni kama ya baba. Afisa hakuwa Mkisii. Alimwuliza hedimasta, "Uliingia darasani ukamwona akifundisha?"

"Sikuingia. Nilisikia."

"Kwa nini hukuingia?"

Wakamweleza. Afisa akasikiliza vizuri, hakucheka. Kisha akasema serikali haina wakwe. Akasema zaidi ya hapo: hata kama angeingia, neno la mzee juu ya mke wa mwanawe lingepokewaje? Watu wangesema amembeba. Baba alikasirika aliposimulia hayo, lakini mimi nimeyapima miaka mingi na sioni kosa lake. Alikuwa na haki. Na alifanya haki: aliingia mwenyewe stooni, akakaa kwenye dawati letu moja, magoti juu kama panzi, akamsikiliza Truphena somo zima. Alipotoka akasema mwalimu huyu anatosha la tano, la sita, hata la saba. Lakini hedimasta asiyeweza kuingia darasa la mwalimu wake hawezi kumsimamia. Mmoja wao ahamie Borabu.

Kila mtu alijua ni yupi. Mwanamke, mdogo wa cheo, mume yuko Kericho, chumba chake cha kupanga. Wazee wa kamati hata hawakujadili sana. Mmoja wao alisema, "Truphena afungashe, ni hivyo tu." Baba alirudi nyumbani jioni ile akakaa nje peke yake. Asubuhi aliniletea jembe dogo lenye mpini mpya, akaliegemeza mlangoni. Nilikaa na jembe lile likizo nzima. Lilikuwa jepesi na zuri, na nililichukia.

Siku chache kabla shule haijafunguliwa kamati iliitwa tena. Baba alirudi akitembea haraka.

"Mzee anakwenda," akasema.

"Mzee gani?" mama akauliza.

"Yeremia. Amesema yeye ndiye atakayehama. Tumembishia mpaka koo zimekauka. Shule umeijenga wewe, tukamwambia. Akasema, 'Ndiyo, basi najua jinsi ya kujenga nyingine. Mimi nimebakiza miaka michache, yeye ndiyo anaanza. Na darasa lile nimelisikia.' Akasimama, akaomba tufunge kwa sala."

Wako waliosema baadaye kwamba Mzee Yeremia alifuata ardhi, kwamba kule Borabu mashamba yalikuwa mapana na yeye alikuwa na wana wengi. Sijui. Huenda lilikuwepo na hilo. Mtu anaweza kuwa na sababu mbili na zote zikawa za kweli. Lakini ninajua kwamba alikuwa na nyumba ya mawe aliyokuwa hajaimaliza, na kahawa iliyokuwa imeanza kuzaa, na kwamba hakuna mtu aliyemwomba aondoke.

Aliondoka juma la kwanza la shule. Madarasa yote yaliruhusiwa kutoka kumsindikiza mpaka barabarani. La kwanza walimwimbia, Zablon akiongoza. Walimu walimshika mkono mmoja mmoja. Darasa letu, sasa la sita, tulibaki stooni. Mwalimu Truphena hakuweza kwenda kumpa mkono, hakuweza kusimama mbele yake amwambie asante, na kwa kuwa yeye hawezi kwenda, sisi nasi hatukutaka.

Njia ya kwenda barabarani ilipita nyuma ya stoo yetu. Tulisikia watu wakija, vitu vikibebwa, mbwa, vicheko. Mwalimu akatuambia tufungue kitabu cha kusoma.

"Someni," akasema. "Wote pamoja."

Tukaanza. Watu wakakaribia. Tukasikia kikohozi, tukakijua.

"Kwa sauti zaidi," akasema Mwalimu, naye mwenyewe ametazama ubao.

Tukasoma kwa sauti zaidi. Ukurasa uliisha akatuambia turudie, na hatukuuliza kwa nini. Nje, msafara ulisimama. Nilihisi umesimama, ingawa huenda ni mimi tu niliyetaka iwe hivyo. Tulisoma mpaka mishipa ya shingo ikatutoka, Makori akipiga kelele kama mnadi ng'ombe, Bosibori hakukwama hata neno moja. Kisha nyayo zikaanza tena, zikashuka, zikapotea upande wa barabara.

Mwalimu alituacha tumalize sentensi. Alichukua kitambaa, akafuta ubao taratibu kutoka juu hadi chini, na alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa na hakujaribu kuuficha.

"Haya," akasema. "Hesabu. Nani hajaelewa ya jana?"

Nikanyoosha mkono.